UZI: Diwani ana nguvu gani hasa kwenye zahanati na kituo chako cha afya? Tuzungumze kwa kina

Mjumbe wa Kamati (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni.

Kila baada ya muda inasambaa video ya kiongozi kaingia zahanati ghafla. Anamkuta muuguzi mmoja ana foleni ya kina mama na watoto, anamfokea mbele ya kamera kwa nini dawa hakuna, watu wanapiga makofi. Kesho yake dawa bado hakuna na muuguzi bado yuko peke yake. Mimi naumia kila nikiziona, kwa sababu mara nyingi anayefoka ni diwani, na diwani ana njia za kuliondoa tatizo lile ambazo hajazigusa. Nguvu yake kwenye afya ni kubwa kuliko wengi wetu tunavyodhani. Ila iko kwenye bajeti, taarifa za robo mwaka na mihtasari ya kamati, mahali ambapo hakuna wa kupiga makofi.

Mimi ni mjumbe wa kamati ya usimamizi wa zahanati, nimetokana na wananchi watumiaji wa huduma. Halmashauri yangu siitaji, maana ninayoyasema yanahusu karibu halmashauri zote za Tanzania Bara.

Tuweke msingi kwanza. Wizara ya Afya inatoa sera, miongozo na viwango. Zahanati, kituo cha afya na hospitali ya wilaya viko chini ya halmashauri, na halmashauri zinasimamiwa na TAMISEMI. Katiba ibara ya 145 na 146 inasema serikali za mitaa zipo ili kuwapa wananchi madaraka. Sheria Na. 7 ya 1982 kwa wilaya na Na. 8 ya mwaka huohuo kwa miji ndizo zinazolipatia Baraza la Madiwani mamlaka. Mkurugenzi ni mtendaji mkuu na katibu wa baraza. Mganga Mkuu wa Halmashauri na timu yake wanaendesha huduma. Kwa hiyo bosi wa zahanati kwa maana ya kuidhinisha mpango, kupitisha bajeti na kuhoji taarifa ni wale watu tuliowapigia kura katani.

Baraza lina kamati za kudumu. Ya Fedha, Uongozi na Mipango kila diwani anaipigania. Ile ya huduma za jamii, yaani elimu, afya na maji, wengi wanaiona ya kupita tu. Kumbe taarifa ya idara ya afya inaanzia humo kila robo: dawa gani zilikosekana, vituo vipi havina mtumishi, kina mama wangapi walijifungulia kituoni, fedha kiasi gani zimepokelewa na zimetumikaje. Diwani anayelisoma kabrasha kabla ya kikao anaweza kumuuliza Mganga Mkuu swali ambalo halijibiki kwa "tutalifanyia kazi mheshimiwa". Anayelifungua kabrasha ukumbini hana swali.

Sasa hela, na hapa naomba mnivumilie.

Zamani mfuko wa pamoja wa afya, ule wa wafadhili ambao watumishi wanauita basket, ulikuwa unaingia akaunti ya halmashauri. Zahanati ikitaka kununua hata sabuni, mganga mfawidhi, yaani mkuu wa kituo, anaandika barua na kupanda gari kwenda makao makuu ya wilaya. Kuanzia mwaka wa fedha 2017/18 fedha hizo zinakwenda moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo. Ongeza papo kwa papo, yaani hela anayolipa mgonjwa dirishani, na malipo ya bima. Zahanati ya kijijini leo ina akaunti benki, ina mpango wake wa mwaka na ina vitabu vya hesabu.

Nani anaidhinisha matumizi yale? Kamati ya usimamizi ya kituo. Ndani yake kuna wananchi, kuna mtu wa serikali ya kijiji, kuna mwakilishi kutoka Kamati ya Maendeleo ya Kata, na mganga mfawidhi ndiye katibu. Na mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata ni nani? Diwani. Yaani ana mtu wake ndani ya chumba ambamo shilingi ya zahanati inapangiwa kazi. Sasa muulize diwani wako huyo mwakilishi ni nani na mara ya mwisho alileta taarifa lini kwenye kikao cha kata. Niliwauliza madiwani kadhaa swali hilo, na wengi walianza kuniuliza mimi.

Naomba michango. Watumishi wa afya, madiwani na mliowahi kuwa madiwani, karibuni sana.

---

Kibao cha Stendi

Mleta mada umeandika vizuri ila tuwe wakweli. Mkurugenzi anateuliwa na Rais. Mganga Mkuu hawajibiki kwa diwani kwa ajira wala kwa uhamisho. Watumishi wapya wanapangwa kutoka TAMISEMI. Hela kubwa inatoka Hazina na kwa wafadhili, na inakuja na masharti. Diwani anaambiwa "mheshimiwa, mwongozo hauruhusu" na kikao kinafungwa. Hayo madaraka ya ibara ya 146 yako wapi?

---

Muuguzi wa Pembezoni

Nakusalimu mleta mada. Mimi ni mtumishi, nipo zahanati ambayo tulitakiwa tuwe wengi ila tupo wawili, na mwenzangu yuko likizo ya uzazi. Nimewahi kufokewa na diwani mbele ya wagonjwa wangu kwa sababu dawa ya mseto ya malaria ilikuwa imeisha. Nilitamani kumwonyesha fomu ya maombi ya dawa.

Watu wengi hawajui dawa inapatikanaje, ngoja niseme. Kituo kinaandaa taarifa ya dawa na maombi: mwanzo tulikuwa na kiasi gani, tumetumia kiasi gani, kimebaki nini, tunaomba nini. Inapita kwa mfamasia wa halmashauri, inakwenda Bohari ya Dawa, yaani ghala la dawa la serikali, wanaleta walichonacho. Wasichonacho wanatoa taarifa kwamba hakipo. Ndipo tunaruhusiwa kununua kwa mshitiri, yule msambazaji binafsi aliyeshinda zabuni ya mkoa. Utaratibu huo ulianzia Dodoma mwaka 2014 na ukaenea mikoa yote. Sasa taarifa ya kukosekana isipokuja mapema, au akaunti ikiwa tupu kwa sababu wagonjwa wetu wengi ni wa msamaha, yaani wanatibiwa bila kulipa, mimi sina ninachoweza kufanya. Siruhusiwi kwenda duka la dawa la mtaani nikanunua kwa risiti ya mkono.

Diwani angenisaidia mara mia kama angeuliza kwenye baraza: maombi ya zahanati ya kata yangu yalipelekwa tarehe ngapi? Bohari walijibu tarehe ngapi? Kwa mshitiri oda ilitoka lini? Tarehe tatu tu. Kila anayechelewesha ataonekana hapo, na kama ni mimi nitaonekana pia.

---

Mjumbe wa Kamati (mleta mada)

Dada, pole sana, na hizo tarehe tatu naomba kila anayesoma uzi huu azichukue.

@Kibao cha Stendi, hoja yako ni nzito na siibezi. Ni kweli ajira ziko juu, na mimi naona hilo ndilo tundu kubwa kuliko yote. Baraza halina uwezo wa kusema "tunamtaka tabibu kwenye zahanati yetu mwezi ujao" na akaja. Lakini tusiseme halina kitu. Angalia haya.

Baraza ndilo linalopitisha bajeti ya mapato ya ndani, na sehemu yake lazima iende kwenye miradi ya maendeleo. Hiyo hela haitoki Hazina wala kwa mfadhili, ni ushuru wa mazao, leseni na mapato ya stendi. Zipo halmashauri zimeitumia kuajiri wauguzi wa mkataba, kununua gari la wagonjwa, kumalizia nyumba ya mtumishi. Na zipo ambazo mwaka mzima fungu la afya la mapato ya ndani limeandikwa vizuri kwenye kitabu cha bajeti na halikutolewa hata shilingi. Mwongozo haumkatazi diwani kuuliza kwa nini.

Pili, baraza ni mamlaka ya nidhamu kwa watumishi wengi wa halmashauri. Hilo linakwenda kwa utaratibu: hati ya mashtaka, uchunguzi, utetezi, uamuzi. Mtumishi anayeuza dawa za serikali anaweza kufukuzwa na baraza na ikasimama. Akifokewa hadharani bila utaratibu, akikata rufaa anarudi kazini, na mwizi wa dawa anakuwa ameshinda.

Tatu, hoja za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, CAG. Kila mwaka baraza linakaa kikao maalumu kujadili hoja za CAG za halmashauri husika. Humo mna hoja za afya kila mara: dawa zilizoisha muda, makusanyo ambayo hayakupelekwa benki, majengo yaliyokamilika na hayatumiki. Diwani akitoka na hoja moja ya kata yake na kuifuatilia mpaka ifungwe, ametenda kazi ya miaka 5.

---

Diwani Mstaafu Kanda ya Ziwa

Nimekaa baraza vipindi viwili, kwenye kamati ya huduma za jamii na baadaye fedha. Niseme kitu ambacho wananchi hawakipendi.

Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, MMAM, ulianza 2007 na lengo lake lilikuwa zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata. Lengo zuri sana. Lakini likatuingiza sisi madiwani kwenye mashindano ya majengo. Kila kijiji kinataka boma lake. Wananchi wanasomba mchanga na mawe, wanachanga, wanapandisha kuta mpaka usawa wa renta, halafu wanamgeukia diwani: "mheshimiwa, tumefanya sehemu yetu." Serikali ikaja na utaratibu wa kuleta milioni 50 kumalizia boma. Nchi nzima maboma yalikuwepo mamia kwa mamia, na fedha zilikuja kwa maboma matatu tu kwa halmashauri kwa mwaka. Sasa wewe una maboma tisa kwenye kata mbalimbali, chagua matatu.

Hapo ndipo nilipoona siasa ya afya ilivyo. Kwenye kata yangu vijiji viwili vilikuwa na maboma, kilometa chache kati yake. Kimoja kilikuwa na watu wengi zaidi na kiko kando ya barabara. Kingine kidogo, ila mvua ikinyesha mto unafunga na mama mjamzito hawezi kuvuka. Kwa idadi ya kura ningechagua cha kwanza. Tulikaa Kamati ya Maendeleo ya Kata mpaka usiku, tukamwita mtu wa idara ya afya akaja na rejesta ya kliniki, tukaangalia kina mama wa kile kijiji cha ng'ambo wanajifungulia wapi miezi ya masika. Karibu wote nyumbani. Tukakipa kile kidogo. Kijiji kikubwa hawakunisamehe na kwenye kura za maoni nilikiona cha moto.

Sijutii. Nasema hili ili mjue diwani anayetumia takwimu za afya badala ya idadi ya kura analipa gharama, na nyinyi wananchi ndio mnaomtoza.

Halafu majengo yakiisha, watumishi hakuna. Nimeshuhudia zahanati imepakwa rangi, ina solar, ina kitanda cha kujifungulia kwenye nailoni, imefungwa kwa kufuli zaidi ya mwaka. Siku hizi nikiulizwa ushauri na madiwani wapya nawaambia: kabla hujaleta hoja ya kujenga zahanati mpya, leta hoja ya nyumba ya mtumishi kwenye zahanati iliyopo. Muuguzi anayekaa palepale anapokea uzazi saa nane usiku. Anayepanga kilometa kadhaa, hata awe na moyo kiasi gani, hafiki.

---

Binti wa Kwimba

Mheshimiwa hiyo ya nyumba ya mtumishi nakazia kwa wino mwekundu. Mama yangu mdogo alijifungua njiani kwa sababu hiyohiyo.

---

Afisa Mipango wa Zamani

Shikamooni wakubwa, vijana hamjambo.

Naongeza historia kidogo, kwa sababu wengi hamkuwepo. Serikali za mitaa zilifutwa 1972, ikaja Madaraka Mikoani. Huduma za afya zikaendeshwa na watendaji wa serikali kuu waliopelekwa mikoani na wilayani, bila baraza la kuchaguliwa juu yao. Mijini hali ilikuwa mbaya, taka, mitaro, kipindupindu mwishoni mwa miaka ya 70. Mabaraza ya miji yakarudishwa 1978, na sheria za 1982 zikarudisha mfumo mzima. Kwa hiyo tulishawahi kujaribu kuendesha zahanati bila madiwani, tukaona matokeo yake. Anayesema "madiwani wafutwe, waachiwe wataalamu" aikumbuke miaka ile.

Kuhusu bajeti, wananchi wanachelewa mno. Mnasubiri Bunge la Aprili mpaka Juni muanze kupiga kelele, wakati zahanati yenu ilishapangiwa kila kitu miezi mingi nyuma. Kijiji kinaibua vipaumbele, kituo kinaandika mpango wake na kamati inaupitisha, mipango ya vituo inaunganishwa kuwa Mpango Kabambe wa Afya wa Halmashauri, kamati za madiwani zinaupitia, baraza linaupitisha mwanzoni mwa mwaka, ndipo unapanda mkoani na TAMISEMI. Ikifika Julai Mosi unaanza kutekelezwa. Ukitaka kitanda cha kujifungulia kwenye zahanati yako, sema mwezi wa Kumi na wa Kumi na Moja. Ukisema mwezi wa Tano utajibiwa "haikuwa kwenye mpango", na jibu hilo litakuwa la kweli.

---

Mzee wa Kadi ya Matibabu

Mimi umri wangu umeshavuka 60 na sera inasema wazee wasio na uwezo tutibiwe bure. Nilipewa kadi yenye picha. Nikifika dirishani naambiwa vipimo bure ila dawa kanunue. Diwani wetu kila mkutano anasema wazee wanatibiwa bure. Anasema kweli au anatudanganya?

---

Mjumbe wa Kamati (mleta mada)

Shikamoo mzee wangu. Swali lako ndilo limenifanya nianzishe uzi huu, ngoja nilijibu kwa urefu.

Msamaha ni wa kweli: watoto chini ya miaka 5, wajawazito, wazee wasiojiweza. Tatizo ni kwamba msamaha una gharama na mtu lazima ailipe. Ukitibiwa bure, dawa uliyopewa imetoka kwenye stoo ya zahanati, na zahanati inatakiwa kununua nyingine. Kama wagonjwa wengi ni wa msamaha, papo kwa papo ni ndogo na fedha ya serikali ikichelewa, stoo inakauka, na wewe unaambiwa kanunue. Muuguzi hakudanganyi na diwani hakudanganyi, ila hakuna aliyepanga hela ya kuifidia zahanati.

Hapo ndipo Mfuko wa Afya ya Jamii, CHF, ulipokusudiwa kusaidia. Ulianza kwa majaribio Igunga mwaka 1996, ukapata sheria yake 2001. Wakati ule kila halmashauri ilipanga kiwango chake kwa sheria ndogo, yaani madiwani ndio walioamua kaya ilipe kiasi gani na nani asamehewe. Serikali kuu iliahidi kuchangia tele kwa tele, kaya ikilipa elfu 10 na serikali inaweka elfu 10. Uzuri wake ni kwamba halmashauri ingeweza kuwalipia wazee na kaya maskini kadi zao, na hela ile ikarudi zahanati kama ya mwanachama mwingine yeyote. Halmashauri zilizofanya hivyo wazee wao walikuwa na thamani dirishani. Nyingi hazikufanya. Baadaye ikaja CHF iliyoboreshwa, 30,000 kwa kaya ya watu 6, ikasimamiwa kimkoa, na sasa tuna Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023.

Kwa hiyo mzee, swali la kumuuliza diwani kwenye mkutano ni hili: kwenye bajeti ya mwaka huu, halmashauri imetenga shilingi ngapi kuwalipia bima wazee wa kata hii, na imeshatoa ngapi? Akijibu "wazee wanatibiwa bure", mrudishie swali lilelile.

---

Mwalimu wa Mombasa

Salaam kutoka Kenya. Nasoma hapa nikiona mfanano mkubwa na tofauti kubwa.

Kwetu katiba ya 2010 iliweka huduma za afya kwa kaunti, isipokuwa hospitali za rufaa za kitaifa na sera. Kaunti 47 zilikabidhiwa 2013. Kwa hivyo kwetu ajira za wauguzi na madaktari ziko kaunti, kitu ambacho nyinyi mnakililia. Nawaambia, kuwa nacho si mwisho wa shida. Kuanzia Desemba 2016 hadi Machi 2017 madaktari waligoma siku 100 na baadaye mwaka huohuo wa 2017 wauguzi wakagoma karibu siku 150, na sehemu kubwa ya ugomvi ilikuwa nani atalipa, kaunti au serikali kuu. Mgonjwa wa Kilifi au Turkana hakujali nani atalipa.

Wajumbe wa bunge la kaunti, wale tunaowaita MCA, ndio wanaopitisha bajeti ya afya ya kaunti na kumpiga msasa waziri wa afya wa kaunti kabla hajaapishwa. Nguvu ipo. Lakini kwa miaka mingi hela zilizokusanywa hospitalini zilikuwa zinafagiliwa kwenda akaunti ya mapato ya kaunti, hospitali inabaki kuomba hela yake yenyewe. Ilibidi tupate sheria ya 2023 ya kuviruhusu vituo vibaki na makusanyo yao yote. Nyinyi mlianza hela moja kwa moja kituoni tangu 2017/18. Msije mkakubali mtu awarudishe nyuma, nawaomba sana.

Na si kila kaunti ilikaa ikisubiri Nairobi. Makueni walianzisha mpango wao mwaka wa 2016, kila kaya shilingi 500 za Kenya kwa mwaka kwa huduma za hospitali za kaunti. Uliwezekana kwa sababu gavana na bunge la kaunti walikubaliana kuuwekea hela kwenye bajeti.

---

Kibao cha Stendi

Mwalimu umenifungua macho kwenye ajira. Nilidhani ajira zikishuka chini tu mambo yamekwisha.

Ila narudi kwa mleta mada. Hizo kamati za vituo unazozisifia, kwetu mwenyekiti ni shemeji wa mwenyekiti wa kijiji, na mihtasari inasainiwa nyumbani kwa mganga mfawidhi. Diwani anajua. Utafanyaje?

---

Muuguzi wa Pembezoni

Nisaidie kujibu kidogo kwa upande wetu. Kamati dhaifu inatuumiza hata sisi tusioiba. Nikiwa na kamati iliyolala, siku hela ikipotea mimi ndiye wa kwanza kushikwa. Ninayoipenda ni ile inayokuja dawa zikifika. Kwetu gari la Bohari likiingia tunawapigia simu, maboksi yanawekwa barazani, mimi nasoma hati ya mzigo kwa sauti, mjumbe mmoja anafungua boksi na kuhesabu, mwingine anaandika. Paracetamol makopo 20, sawa. Vitendanishi vya malaria boksi 4, tumeandikiwa 5, weka alama. Tunasaini wote, dereva anasaini, kopi inabaki. Hapo hata mtu akija na kamera anifokee, nina karatasi.

---

Mjumbe wa Kamati (mleta mada)

@Kibao cha Stendi, hayo yapo na si kwenu tu. Njia ninayoijua ni hii, na inaanza na mkutano mkuu wa kijiji ambao kisheria unatakiwa ufanyike kila miezi mitatu. Taarifa ya mapato na matumizi ya kijiji inasomwa pale. Omba, na mwenzako naye aombe, ili taarifa ya zahanati isomwe pia: kilichoingia kutoka mfuko wa pamoja, papo kwa papo, bima, kilichonunuliwa, kilichobaki benki. Ombi liandikwe kwenye muhtasari wa mkutano. Mtendaji wa kijiji akikataa kuliandika, lipelekwe kwa diwani kwa barua, na nakala kwa Mtendaji wa Kata.

Kwa nini nasema diwani? Kwa sababu taarifa za kata zinawasilishwa barazani kila robo, na diwani akiandika kwenye taarifa yake "wananchi wa kijiji fulani wameomba kusomewa mapato ya zahanati na hawajasomewa", inaingia kwenye kumbukumbu rasmi za baraza. Mkurugenzi lazima ajibu. Simu na manung'uniko hayaingii kwenye kumbukumbu, ndiyo maana yanapuuzwa.

Kuhusu wajumbe wa shemeji na shangazi, uwakilishi wa kamati una muda maalumu. Muda ukiisha nafasi zinatangazwa. Kwetu tangazo lilibandikwa ofisi ya kijiji kwa muda mfupi na watu wachache sana waliliona, wakajaza walewale. Mwambieni diwani wenu lisomwe msikitini, kanisani na mnadani.

---

Diwani Mstaafu Kanda ya Ziwa

Naunga mkono kwa uzoefu. Nimekaa kwenye baraza nikisikia taarifa za kata 20 na zaidi siku moja. Nyingi zinasema "hali ya afya ni nzuri, changamoto ni upungufu wa watumishi". Hiyo haijibiwi na mtu. Iliyotaja kijiji, tarehe na kiasi ndiyo iliyomfanya Mkurugenzi ageuke kumwangalia Mganga Mkuu.

---

Kijana wa Mbozi

Samahani wakubwa, swali la mwisho. Mimi si mjumbe wa kamati yoyote. Naruhusiwa kuingia kwenye baraza la madiwani nikasikiliza, au mpaka nialikwe?

---

Afisa Mipango wa Zamani

Mwanangu, mikutano ya Baraza la Madiwani ni ya wazi kwa wananchi. Huna haki ya kuchangia, ila una haki ya kukaa na kusikiliza, isipokuwa pale baraza linapojigeuza kamati kujadili nidhamu za watumishi, hapo wageni wanatolewa. Nenda ofisi ya halmashauri, uliza tarehe ya baraza la robo hii, vaa nadhifu, fika mapema kwa sababu viti vya wananchi ni vichache. Taarifa za kata husomwa siku ya kwanza, taarifa za kamati za kudumu siku ya pili. Kama unafuatilia zahanati yenu, nenda siku zote mbili: ya kwanza usikie diwani wako kaandika nini, ya pili usikie idara ya afya imejibu nini. Chukua daftari.